Sinodi Ilikuwa Kikao Kabla Haijawa Safari

Tangu Oktoba 2021, Papa Fransisko alipofungua mchakato wa sinodi uliokwenda hadi Oktoba 2024, parokia nyingi za Kikatoliki za Afrika Mashariki zimefundishwa maana moja tu ya neno hili. Mwezeshaji huandika ubaoni syn, yaani pamoja, na hodos, yaani njia, akazijumlisha, na jibu likatoka: kutembea pamoja. Maelezo hayo yamechapishwa kwenye vipeperushi, yamehubiriwa altareni na kurudiwa katika jumuiya ndogondogo hadi yamekuwa kama sehemu ya imani. Mizizi hiyo miwili ni ya kweli. Tatizo liko kwenye jibu, na si tatizo la wanaisimu peke yao. Muumini akishaamini kwamba sinodi tangu asili yake ni safari, hatashangaa ikiisha bila kuamua jambo. Wakristo wa karne za kwanza, hasa wale wa Afrika Kaskazini, wangeshangaa sana.

Mgiriki aliyetamka synodos alikuwa na picha ya njia zinazotoka pande mbalimbali na kufika mahali pamoja. Thucydides, akisimulia muungano ulioongozwa na Athene, anasema hazina ya muungano ilikuwa Delos na synodos za wanachama zilifanyika hekaluni humo humo. Polybius analitumia neno hilo kwa mikutano ya Shirikisho la Akaya, na wanahistoria bado wanabishana mipaka ya mamlaka ya mikutano hiyo. Kwamba ilikuwa mikutano, hakuna anayebisha. Wanajimu waliita synodos kule kukutana kwa jua na mwezi, wakati wa mwezi mwandamo. Maana hiyo ndiyo iliyoingia katika Kumbukumbu la Torati 33:14 kwenye tafsiri ya kale ya Kigiriki, na katika Yeremia 9 synodos ni genge la wasaliti. Katika mifano hii yote watu, au magimba ya angani, yamefika mahali. Hakuna anayetembea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye papiro iliyotoka Hermopolis huko Misri, ambayo sasa imehifadhiwa London. Ni hati ya uanachama ya bondia mmoja, Herminos, aliyejulikana pia kwa jina la Moros, yaani Mjinga. Mwaka 194, kwenye michezo ya Napoli, Herminos alipokelewa katika chama cha wanamichezo cha dola nzima baada ya kulipa kiingilio cha dinari 100. Hati yake imenakili kwanza barua za Kaisari Klaudio, mojawapo ikikishukuru chama kwa taji la dhahabu, ndipo inapofikia kuthibitisha kwamba ada imelipwa. Chama hicho kinaitwa synodos. Wanachama wake walisafiri mji hadi mji kutafuta mashindano, na ili kulieleza hilo walilazimika kuongeza kivumishi kingine kabisa, peripolistike, yaani chenye kuzunguka. Kama synodos peke yake ingebeba maana ya mwendo, kivumishi hicho kingekuwa cha nini?

Papiro za namna hii hazitajwi kwenye semina, nami naona ni hasara. Mwaka 1972 Henry Chadwick, mwanahistoria Mwingereza wa Kanisa la kale, alichapisha makala ya kurasa chache kuhusu asili ya jina la mtaguso wa kiekumene. Alionyesha kwamba vyama vya wanamichezo na vya wasanii wa Dioniso vilijiita synodos ya ulimwengu mzima muda mrefu kabla ya maaskofu, na kwamba jina hilo lilikwenda sambamba na upendeleo wa Kaisari, ukiwemo msamaha wa kodi. Eusebi wa Kaisarea alipouita Mtaguso wa Nisea synodos ya kiekumene, katika maisha ya Konstantino aliyoyaandika mwishoni mwa miaka ya 330, wasomaji wake walikuwa wamekwisha kulisikia jina hilo likitajwa mbele ya mabondia na waigizaji. Wapo waliodhani hoja hiyo inalidhalilisha Kanisa. Mimi sioni udhalilishaji wowote. Inatuonyesha kwamba Wakristo walichukua neno la watu waliojiandikisha, waliotoa ada, waliokuwa na viongozi, hati na mihuri, wakalifanya lao.

Wanaotetea kutembea pamoja wana hoja mbili ambazo zinastahili kusikilizwa kwa makini. Ya kwanza imo katika Luka 2:44. Yosefu na Maria wanadhani mtoto Yesu yuko ndani ya msafara, na neno la Kigiriki hapo ni synodia. Ya pili ni ya Ignasi wa Antiokia. Mwanzoni mwa karne ya pili, akiwa njiani kwenda kuuawa Roma chini ya ulinzi wa askari kumi, aliwaandikia Waefeso akiwaita wote synodoi, wasafiri wenza, wabeba-Mungu na wabeba-hekalu. Ni barua nzuri mno, na mtu aliyeiandika akiwa amefungwa minyororo alikuwa na haki ya kuzungumzia njia. Tume ya Kimataifa ya Teolojia iliikumbuka katika hati yake ya mwaka 2018 juu ya usinodi. Lakini synodia ni neno jingine, na synodos wa Ignasi ni mtu, msafiri mwenzako, si tukio. Hakuna anayeweza kuonyesha kwamba maaskofu walipoanza kukutana walilitoa jina la mikutano yao kwenye msafara wa Luka au kwenye barua hiyo.

Hoja ya tatu inayopendwa, ile ya Yohane Krisostomo kwamba Kanisa na sinodi ni majina ya kitu kimoja, haina uzito unaodaiwa. Krisostomo alikuwa akifafanua Zaburi ya 149, na kwa synodos anamaanisha kusanyiko. Neno analoliweka kando yake, systema, ni la kundi lililopangwa. Kumtaja kama shahidi wa mwendo ni kumlazimisha.

Agano Jipya lenyewe halina neno synodos. Mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15 hauna jina. Mikutano ya kwanza tunayoijua nje ya Biblia ni ile ya Asia Ndogo dhidi ya wafuasi wa Montano, kisha ile ya miaka ya 190 juu ya tarehe ya Pasaka, wakati Viktori wa Roma alipogombana na Polikrate wa Efeso. Eusebi anaisimulia yote, na kila mara mkutano unaishia na uamuzi.

Hapo ndipo Afrika inaingia. Mwanzoni mwa karne ya tatu Tertuliano wa Karthago, katika kitabu chake kuhusu kufunga, anaeleza kwamba huko nchi za Kigiriki makanisa yote hufanya concilia mahali maalumu ili kujadili mambo mazito kwa pamoja, na mkutano huo huwakilisha jina lote la Kikristo. Ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa neno concilium kutumika kwa mikutano ya Kanisa, na aliyelitumia ni Mwafrika. Lilikuwa neno la siasa ya Kirumi, la mabaraza ya majimbo, lililojengwa juu ya calare, kuita kwa sauti. Kwa Mgiriki watu wanafika. Kwa Mwafrika wa Kilatini watu wameitwa. Katika lugha zote mbili, wakishafika wanakaa na kuamua.

Tunajua walivyokaa, kwa sababu muhtasari mmoja umesalia. Tarehe 1 Septemba 256, Sipriani aliwakusanya Karthago maaskofu wa jimbo la Afrika, Numidia na Mauritania. Swali lilikuwa moja: mtu aliyebatizwa na wazushi akija Kanisani, abatizwe au asibatizwe? Barua zilizohusu suala hilo zilisomwa kwanza kwa sauti. Sipriani akasema kwamba kila mmoja atatoa maoni yake, kwamba hakuna kati yao anayejifanya askofu wa maaskofu, na kwamba hakuna atakayetengwa kwa kuwaza tofauti. Caecilius wa Biltha akaanza. Wengine wakafuata mmoja mmoja, jina la mtu na la mji wake vikiandikwa, wengi kwa sentensi moja au mbili tu. Natalis wa Oea, mji ambao leo ni Tripoli, alisema kwa niaba yake na kwa niaba ya wenzake wawili, wa Sabratha na Leptis Magna, ambao walimpa dhamana ya kura zao. Ndiyo maana kura ni 87 ilhali waliokuwemo ukumbini ni 85. Sipriani alisema mwisho.

Dibaji ya muhtasari inaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: mapadre na mashemasi walikuwepo, na pia sehemu kubwa ya waumini. Hawakupiga kura, lakini kila askofu alisema neno lake mbele ya watu aliokuwa akiwaongoza. Aliyebadili msimamo baadaye alijulikana.

Uamuzi wa siku hiyo, kwamba wabatizwe, haukudumu. Stefano wa Roma aliukataa kwa hasira. Firmiliano wa Kaisarea ya Kapadokia anaandika kwamba wajumbe kutoka Afrika hawakupewa hata mahali pa kulala Roma, kwa agizo la Stefano mwenyewe. Mwaka 314, kwenye Mtaguso wa Arles, msimamo wa Roma ndio ulioshinda. Wapo wanaolitumia hilo kuuonyesha mtaguso wa Karthago kama kosa la Waafrika waliovuka mipaka. Hukumu hiyo inachanganya mambo mawili. Mtu anaweza kukubali kwamba walikosea juu ya ubatizo, huku akitambua kwamba walikuwa na mamlaka ya kuamua, na hata Sipriani kuitwa mtakatifu na Roma ileile hakukuzuiwa na ugomvi huo.

Karibu miaka 160 baada ya mtaguso wa Sipriani mamlaka hayo yalijaribiwa tena, na kisa chake kingestahili kufundishwa kila seminari barani. Apiario, padre wa Sicca, mji unaoitwa leo El Kef nchini Tunisia, alifukuzwa na askofu wake kwa makosa. Akavuka bahari kwenda kukata rufaa kwa Papa Zosimo, akapokelewa. Roma ikamtuma askofu Faustino hadi Karthago akiwa na kanuni mkononi, akidai ni za Nisea, zinazoruhusu rufaa za namna hiyo. Waafrika, chini ya Aurelio wa Karthago na Augustino akiwa miongoni mwao, walifungua nakala zao za Nisea wasizione kanuni hizo. Hawakugomba. Katika mtaguso wa Mei 419, uliokuwa na maaskofu zaidi ya 200, walikubaliana kuzifuata kwa muda huku wakiomba nakala halisi kutoka Konstantinopoli na Aleksandria. Maaskofu wa miji hiyo, Atiko na Kirilo, wakazituma. Kanuni za Faustino hazikuwamo: zilikuwa za Sardika, mtaguso mwingine, zilizochanganywa na za Nisea katika maktaba ya Roma.

Apiario alirudishwa kazini, akafanya makosa tena, akakimbilia Roma tena, na Faustino akaja tena kumtetea. Mara hii, mbele ya mtaguso, Apiario mwenyewe alishindwa kuvumilia maswali akakiri yote. Maaskofu wakamwandikia Papa Selestino barua yenye adabu na isiyoyumba. Waliuliza, kwa maneno yao, inawezekanaje Mungu ampe mtu mmoja, awaye yote, busara ya hukumu, kisha awanyime maaskofu wengi waliokusanyika katika mtaguso? Wakaomba wasitumiwe tena wajumbe wa namna hiyo. Siijui barua nyingine ya Kanisa la kale inayoeleza kwa uwazi zaidi maana ya concilium.

Muda mfupi baadaye Wavandali walivuka kutoka Hispania. Mwaka 439 Karthago ilianguka. Kanisa lililokuwa na desturi ya kukutana karibu kila mwaka lilisambaratika, na desturi yenyewe ikaanza kufifia kwingineko. Sheria zinaonyesha mteremko huo. Nisea, kanuni ya 5, iliagiza mitaguso ya kila jimbo mara mbili kwa mwaka. Karne ya saba na ya nane iliridhika na mara moja. Trento, katika karne ya 16, iliagiza kila baada ya miaka 3. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilisema kila baada ya miaka 20. Ile ya mwaka 1983 inasema pale itakapoonekana inafaa.

Katika karne hizo zote maneno mawili, la Kigiriki na la Kilatini, yalikuwa pacha. Waorthodoksi hawakuwahi kuyatenganisha: kwao Nisea ni synodos, na baraza linaloiongoza Patriarkati ya Aleksandria, ambayo chini yake wamo Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania, ni Sinodi Takatifu yenye mamlaka ya kuchagua maaskofu. Waanglikana wa kwetu vilevile hawahitaji kuelezwa: sinodi ya dayosisi hukutanisha askofu, makasisi na walei, na mambo hupitishwa humo. Askofu Alfred Tucker alipigania kwa zaidi ya miaka 10 katiba ya Kanisa la Uganda iliyowaweka wamisionari na Waganda ndani ya chombo kimoja. Wamisionari wenzake waliipinga, kwa kuogopa kuwa chini ya maamuzi ya Waafrika, hadi ilipopita mwaka 1909. Walielewa vizuri kabisa kwamba sinodi huamua. Ndiyo maana waliiogopa.

Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitumia majina yote mawili kwa ajili yake wenyewe. Konstitusio juu ya Liturujia, ya Desemba 1963, inaanza kwa kujiita Sacrosanctum Concilium. Ile juu ya Kanisa, ya Novemba 1964, katika aya yake ya kwanza inajiita Sacrosancta Synodus. Ni maaskofu walewale, ukumbi uleule.

Utengano ulikuja tarehe 15 Septemba 1965. Siku hiyo Papa Paulo VI aliunda chombo kipya akakiita Sinodi ya Maaskofu, na kazi yake ya kawaida ikawa kumpa Papa taarifa na ushauri. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 343, ilikaza: sinodi hiyo hujadili na kutoa mapendekezo, haiamui wala haitoi amri, isipokuwa Papa akiipa mamlaka hayo kwa jambo maalumu. Tangu hapo katika Kiswahili chetu cha Kikatoliki tuna vitu viwili. Mtaguso huamua. Sinodi hushauri. Neno lililokuwa la wenye kura likawa la wenye kuulizwa.

Hilo lingeweza kubaki suala la wanasheria wa Kanisa, kama Waafrika wasingeligusa. Septemba 1977, kwenye kongamano la Abidjan kuhusu ustaarabu wa watu weusi na Kanisa Katoliki, hoja ya Mtaguso wa Afrika ilisimamishwa mbele ya watu. Nyuma yake alikuwapo Alioune Diop, Msenegali aliyeanzisha jarida la Présence Africaine. Fabien Eboussi Boulaga na Engelbert Mveng, wote wa Kamerun, waliitetea kwa maandishi. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa aliibeba, na katika miaka ya 1980 maaskofu wa Zaire waliifikisha Roma. Waliomba mtaguso, kwa jina hilo. Ndoa, ibada za wahenga, huduma ya makatekista, umaskini wa Kanisa linaloishi kwa misaada: hayo walitaka yaamuliwe na Waafrika katika ardhi ya Afrika, kama yalivyoamuliwa Karthago.

Tarehe 6 Januari 1989 Yohane Paulo II alitangaza jibu: Mkutano Maalumu wa Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika. Malula alifariki mwezi Juni mwaka huohuo. Sinodi ilifunguliwa tarehe 10 Aprili 1994, na ilifunguliwa Roma. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalikuwa yameanza siku chache kabla, na viti vya maaskofu wa Rwanda vilikuwa vitupu. Marais wajumbe walikuwa Makardinali Arinze, Tumi na Tzadua. Kardinali Thiandoum wa Dakar alitoa taarifa kuu. Maneno mazito yalisemwa, na picha ya Kanisa kama Familia ya Mungu ilizaliwa humo. Mwishoni maaskofu walimkabidhi Papa mapendekezo 64. Waraka wa baada ya sinodi, uliotiwa sahihi Yaoundé tarehe 14 Septemba 1995 na kupelekwa Johannesburg na Nairobi katika ziara hiyohiyo, ulikuwa wa Papa.

Wapo wanaosema tofauti hiyo ni ya majina tu, kwani Afrika ilisikilizwa. Sikubaliani nao. Caecilius wa Biltha hakupeleka pendekezo kwa mtu yeyote; alitoa hukumu, ikaandikwa.

Kwa upande mwingine, sinodi ya 2021–2024 ilibadili mambo ambayo sipendi yapuuzwe kwa sababu tu ya tafsiri mbovu ya ubaoni. Walei, wakiwemo wanawake zaidi ya 50, walipiga kura humo kwa mara ya kwanza. Hati ya mwisho, ya tarehe 26 Oktoba 2024, Papa Fransisko aliamua itolewe kama ilivyopigiwa kura, bila yeye kuandika waraka mwingine juu yake. Na ndani yake, katika sehemu ambayo semina nyingi haziifikii, inakumbusha kwamba mitaguso ya majimbo ilikuwa wajibu wa Kanisa kwa muda mrefu wa historia yake, na inataka irudi kufanyika kwa vipindi maalumu.

Sheria ya kufanya hivyo ipo tayari. Kanuni za 439 hadi 446 zinaeleza mtaguso wa nchi nzima wenye mamlaka ya kutunga sheria, ukipata kibali cha Roma, na zinaruhusu mapadre na walei kuitwa humo kwa ushauri. Kanuni ya 441 inalipa baraza la maaskofu, liwe la Tanzania, la Kenya au la Kongo, haki ya kuuitisha, kuchagua mahali ndani ya nchi yake, kumteua mwenyekiti, kupanga agenda na kutangaza tarehe.